Mikono ya Bibi Nzeyimana

Siku tulipoanua matanga ya Baba, mdogo wangu Deo alishusha kreti nane za mvinyo wake wa ndizi kutoka kwenye pikapu, akazipanga kwenye kivuli cha nyumba, akaanza kuwagawia waombolezaji. Mvinyo huo sasa unauzwa Kasulu na Kibondo, na kwenye karatasi ya kila chupa kuna jina la Baba na maelezo mafupi kwamba yeye ndiye aliyeirudisha migomba ya zamani ya Buha, igitsiri na igisahira, wakati majirani wote walikuwa wameshaing'oa na kupanda kayinja ya kigeni kwa sababu inazaa haraka. Maelezo hayo niliyaandika mimi. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili katika familia, na Deo aliponiomba sikuchukua hata nusu saa. Katekista alisimama na glasi mkononi akasema Mzee ametuachia urithi, na watu wakaitikia, na mzee mmoja wa kijiji cha Kitanga akaninyooshea kidole akasema, "Na huyu ndiye aliyekuwa mkono wake wa kuume! Leokadia ndiye aliyekuwa anakamua!" Wakanipigia makofi. Nilisimama pale na khanga yangu ya msiba, nikatabasamu, na usoni nikasikia joto.

Baada ya makofi, mwanamke mmoja mnene ambaye sikumfahamu alikuja nilipokuwa nakusanya sahani. Alisema anaitwa Godeliva, anauza maharage soko la Kasulu, na kwamba alifika nchini kama mkimbizi kutoka Burundi, sasa ni raia. Alikuwa ameonja mvinyo, bado anaulambalamba. "Hii naijua kwa maneno tu," alisema. "Kule kambini nilikuwa na jirani, bibi mmoja, alikuwa anatusimulia igitsiri ya Nyakitonto mpaka tunameza mate. Nzeyimana. Mlimfahamu?" Nilijibu kwamba watu wengi walipita hapa miaka ile. Kisha nikabeba sahani zangu nikaingia jikoni, nikaziosha zote, na zile safi nikaziosha tena.

Mwaka ninaotaka kuusema ni 1997. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na kupata ziro (ualimu ulikuja baadaye, baada ya kurudia mtihani), na nimerudi nyumbani Nyakitonto na sanduku la bati na Kiingereza cha kuombea maji. Mtu aliyepata ziro nyumbani kwao huwa na kazi moja kubwa, nayo ni kusikiliza watu wakinyamaza anapoingia. Dada yangu Anastazia alikuwa anasubiri kuposwa na kijana wa Kitanga mwenye kazi mjini Kasulu, kwa hiyo maongezi yote ya mezani yalikuwa yake. Mimi nilikimbilia chumba cha Bibi Nzeyimana. Kilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa jiko, kina kitanda cha miti, gunia la maharage, kalenda ya parokia ya miaka miwili nyuma, na kopo la ugoro juu ya dirisha. Alikuja kwetu akitokea kambini kulima kibarua cha wiki moja, na ile wiki haikuisha. Burundi hakubakiwa na mtu, na kambini hakuwa na mtu vilevile. Jioni alikula nasi ugali wa muhogo na sombe, kisamvu chetu, lakini alikaa karibu na mlango, na kila Mama alipomwambia asogee alijibu, "Hapa panatosha, Mama Anastazia." Hakuna aliyewahi kuinuka akamsogeza. Jambo hilo nalikumbuka sasa. Wakati ule niliona ni tabia yake tu.

Kisa cha migomba kilianzia kwenye ugali huohuo. Baba alikuwa na wimbo wake wa kila siku kwamba pombe ya siku hizi ni maji machafu, kwamba baba yake alikuwa anakamua igitsiri ambayo mtu akinywa mrija mmoja anaimba mpaka kwao. Jioni moja ya mwaka 1995 Bibi Nzeyimana, ambaye kwa kawaida hakuchangia, alisema kutoka mlangoni, "Igitsiri haijafa, Baba Anastazia. Nimeiona." Aliiona alipokuwa akipita Gwarama, kwenye shamba la mzee mmoja asiyependa mambo mapya. Baba alicheka, kisha akaacha kucheka, na siku ya tatu wakaondoka wawili na lori la mihogo hadi Kibondo, na kutoka Kibondo wakatembea. Walirudi na machipukizi kumi na moja yamefungwa kwenye magunia mabichi. Baba alisimulia safari ile kwa miaka mingi, na kila alipoisimulia Bibi alipungua kidogo, hadi mwishoni alikuwa ni mtu aliyebeba gunia. Ukweli ni kwamba Baba asingeitambua igitsiri hata ingemwangukia. Bibi ndiye aliyepapasa mashina, akageuza majani, akamwambia yule mzee, "Hili hapana, hili ndiyo, hili umechanganyiwa." Machipukizi saba yalishika. Yalizaa mwaka huo wa 1997, mikungu saba, na Baba alikwenda kuitazama asubuhi na jioni akiwa amefunga mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Mwaka huohuo mwenyekiti wa kijiji alianza kuzunguka na daftari. Amri ilikuwa imetoka kwamba wakimbizi wote wanaoishi vijijini warudi kambini. Kwetu alikuja mara mbili. Mara ya kwanza Baba alimkaribisha kiti, akampa kibuyu na mrija, akasema, "Huyu bibi ni wa kwangu. Andika hivyo." Mwenyekiti alicheka akafunga daftari. Mara ya pili alisema huko juu wanauliza, na Baba akasema, "Njoo kwenye posa ya binti yangu. Utakunywa igitsiri, halafu uniambie kama mtu anayeijua kazi hii ni wa kufukuzwa." Nilikuwa nachambua mchele barazani, nikamwona Bibi amesimama nyuma ya jiko na jembe, anasikiliza. Alikwenda shambani akaanza kuegemeza nguzo kwenye mkungu ambao tayari ulikuwa na nguzo mbili.

Alinifundisha kazi ile toka mwanzo. Shimo la kuivishia tulilichimba pamoja, tukachoma majani makavu ndani yake hadi udongo ukapata joto, tukatandika majani mabichi, tukalaza ndizi, tukafukia. Siku nne. "Usifunue kuchungulia, mwananje. Ndizi si barua." Alinifundisha kukata nyasi za kukamulia, kukaanga mtama wa kuchachushia, kuosha umuvure, ule mtumbwi wa mti ambao ndizi hukandwa ndani yake. Lakini alichokishikilia kuliko vyote ni mikono. Mtu yeyote mwenye mafuta au sabuni mikononi akigusa ndizi zile, alisema, maji hayatoki. Zinageuka uji, na uji huo hakuna wa kuurudisha. Kwa hiyo wakamuaji wote hunawa kwa majivu, kisha hunyoosha viganja vinuswe. Kazi ya kunusa ilikuwa yake, ila pua yake ilikwisha kuharibiwa na ugoro, mwenyewe alikiri akicheka. "Pua yangu imestaafu. Utanusa wewe." Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa mtu wa ziro, na sasa nilikuwa pua ya nyumba nzima.

Asubuhi ya kukamua, siku tano kabla ya posa, walikuja wanawake watano wa jirani na binamu zangu wawili wa mjini Kasulu, ambao walikuwa wamefaulu. Binamu hao walivaa vizuri, na mmoja alinitazama miguu kisha akatazama pembeni. Nilirudi chumbani. Juu ya sanduku la Anastazia palikuwa na chupa ya losheni ya waridi ambayo mchumba wake alimletea, haijafunguliwa bado, anaitunza kwa siku yake. Niliifungua. Nilijipaka miguu, nikajipaka shingo, nikajipaka mikono hadi kwenye viwiko, nikairudisha chupa na kugeuza upande wake ili pengo lisionekane. Kisha nilinawa kwa majivu kama wengine. Nilinawa haraka, kwa sababu sikutaka harufu iishe yote. Naandika sentensi hii nikiwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, na bado natamani kuifuta.

Bibi alitupanga mstari. Nilipita kwa kila mmoja isipokuwa Bibi mwenyewe, nanusa viganja kwa madaha, na mimi mwenyewe nanukia nikiinama, nikiamini harufu inatoka shingoni tu. Kwa Mama Sesilia, jirani yetu wa mpakani, nilisita nikasema, "Mama, bado unanuka sabuni. Kanawe tena." Alikuwa na umri wa kunizaa. "Binti wa juzi ananinusa kama nyama ya buchani!" alisema, lakini alikwenda, akarudi. Nilipomaliza, binamu yangu mmoja akauliza kwa utani, "Na wewe nani atakunusa?" Watu wakacheka. Bibi Nzeyimana akasema, "Huyo? Huyo simnusi. Huyo nimemfundisha mwenyewe." Tukaingia mikono kwenye umuvure.

Nilijua kabla ya wote. Ndizi zikiwa sawa, baada ya kukandwa na nyasi kwa muda zinaachia, na maji yanajikusanya chini mekundu, safi, unayaona yanakuja. Hizi ziliteleza. Zilikuwa laini, zikawa laini zaidi, zikashikana na nyasi na vidole, na kila tulivyokanda ndivyo zilivyozidi kuwa uji. Bibi aliongeza nyasi. Aliongeza tena. Alisema tupumzike, tukapumzika, tukarudi. Mvuke wa ndizi mbivu ulikuwa umetanda uani, na ndani yake mimi nilisikia waridi, wazi kabisa, nikashangaa kwamba hakuna mwingine anayelisikia. Mikungu yote saba ilikuwa ndani ya mtumbwi ule mmoja. Baba alikuja na viatu vyake vya kanisani, akatazama, akauliza, "Maji yako wapi?" Bibi alitoa mikono yake nje, akaitazama, ikidondosha uji.

Mama Sesilia ndiye aliyefungua mdomo, na haki yake alikuwa nayo, maana alikuwa ameaibishwa mbele za watu kwa sabuni ambayo huenda haikuwepo. "Sisi tumenuswa wote," alisema. "Mimi nimenawa mara mbili. Kuna mmoja tu hapa ambaye hakunuswa." Nilidhani ananitaja mimi. Lakini alikuwa anamtazama Bibi. "Mkono wa mtu usiyemjua alikotoka kwenye umuvure wa watu, tena kwa ajili ya posa! Mlitegemea nini?" Wengine wakanung'unika kukubali. Bibi alinigeukia. Hakuwa ananishuku hata kidogo; alikuwa ananitafuta kama shahidi, nimweleze Mama Sesilia kwamba alinawa mbele yangu, kwamba yeye kila kitu alikifanya kama inavyotakiwa. Nilichohitaji kusema kilikuwa ni maneno matatu. Badala yake niliokota nyasi zilizoanguka chini, moja moja.

Mchana ule nilikwenda chooni nikapita nyuma ya jiko, nikasikia wazazi wangu wakizungumza. Mama alisema, "Bibi wa watu kakosa nini? Ndizi hukataa hata kwa wenyewe." Baba akajibu kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Si kwamba naamini mambo hayo. Lakini watu wa Kitanga watasikia. Watasema binti yetu ametolewa kwenye nyumba yenye mkono mbaya." Nikasikia chungu kinafunikwa. "Na mwenyekiti?" aliuliza Mama. Baba akasema, "Mwenyekiti ana daftari lake." Baba hakuwa mtu katili. Alihitaji tu mtu mmoja aje amwambie kilichotokea, na mtu huyo alikuwa upande wa pili wa ukuta, anazuia pumzi. Nilijiambia nitasema baada ya posa, ili nisimharibie Anastazia. Ilikuwa sababu nzuri sana. Niliipenda sana sababu ile.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Bibi Nzeyimana kwenye pipa la maji. Alikuwa na kopo la majivu, ananawa, ananusa, ananawa tena. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kwa maji. Aliponiona alininyooshea viganja. "Leokadia, mwananje, pua yangu haifai. Ninuse wewe. Usinifiche. Ina nini?" Niliinama. Mikono yake ilinuka majivu, basi, majivu na maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali, na swali likanikuta na uongo tayari mdomoni, sijui ulitengenezwa lini. Nilisema, "Ugoro, Bibi. Inanuka ugoro." Alibaki ameinyoosha vilevile. Kisha akasema polepole, "Ego, ndiyo. Ugoro," mara mbili, na akaukubali kwa uso wake wote, kama mgonjwa aliyeambiwa hatimaye jina la ugonjwa wake. Alinigusa bega akashukuru. Alinishukuru, na mimi nikasema, "Haina neno, Bibi."

Mwenyekiti alipokuja mara ya tatu Baba hakumpa mrija. Alimwacha aandike. Bibi aliondoka siku ya soko, na lori lililokuwa linakusanya wengine pale barabarani, ana mfuko mmoja na jembe lake. Mama alimfungia maharage na viazi, akalia. Baba alimshika mkono akasema ni mambo ya serikali. Mimi nilibeba mfuko hadi kwenye lori, na aliponiaga alinisisitiza nisiyaache yale machipukizi mapya, niyapunguze yabaki matatu kila shina. Posa ilifanyika kwa pombe ya kayinja, watu walikunywa, walicheza, na Anastazia alipofungua losheni yake alisema tu kwamba wenye maduka wa Kasulu ni wezi, wanauza chupa nusu. Msimu uliofuata nilikamua igitsiri mimi, nikiwa na viganja vikavu vilivyopauka kwa majivu, na maji yakatoka mekundu, na Baba akawaita majirani waje waone. Tangu siku hiyo watu wanasema nina mkono mzuri.

Wiki mbili baada ya matanga nilipanda basi dogo hadi Kasulu, nikamtafuta Godeliva sokoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachagua mawe kwenye maharage. Alinikumbuka, akanisogezea ndoo nikaketi. Nilimwambia nimekuja kuuliza habari za Bibi Nzeyimana, kwamba siku ile nilisema uongo, aliishi kwetu. Hakushangaa. Alisema Bibi alikaa nao miaka saba, kisha kifua kikamchukua, wakamzika wao majirani. "Migomba yote tuliyopanda kule alituonyesha yeye," alisema. "Lakini kukamua? Thubutu! Harusi ikija tunamwita, anakaa kule mbali kabisa, anatuelekeza kwa mdomo. Hata ndizi ya kula akimpa mtoto hamenyi, anamwambia menya mwenyewe. Alisema mkono wake uliharibu posa ya watu waliomtendea mema. Na ugoro aliutupa siku aliyofika, wazee wenzake wakimpa anakataa." Alipeta maharage kidogo. "Alikuwa anamsifia binti mmoja wa nyumba hiyo. Alisema wengine wote walimsema nyuma ya mgongo, ila yule binti alimwambia ukweli usoni. Alikuwa anamwombea kila jioni, kwa jina. Leokadia, nadhani."

Nilimwambia. Nilimwambia losheni, nilimwambia kunusa, nilimwambia pipa la maji, vyote kwa mpangilio, kwa Kiswahili changu kizuri cha darasani, na watu wakipita kununua na kuondoka. Nilidhani nitajisikia mwepesi, maana ndivyo wanavyosema padri na redio. Godeliva alikuwa ameacha kuchagua mawe. Alinitazama bila hasira, na nadhani angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

"Mimi unaniambia ili iweje, mama?" aliuliza.

Mteja alikuja akataka kilo mbili, naye akainuka kumpimia.